Bwana Nyoka wa Newala

Ukitoka Masasi kwenda Newala utaiacha nyuma milima ya mawe ya Masasi, kisha barabara itaanza kupanda. Ukifika juu utakuta uwanda mpana wenye mikorosho na miembe mingi. Huo ndio uwanda wa Makonde. Upande wa kusini uwanda huo hukatika ghafla, na chini kabisa utaliona bonde la mto Ruvuma. Ng'ambo yake ni Msumbiji. Huko Newala aliishi mtu ambaye wataalamu wa nyoka wa nchi nyingi walimjua. Jina lake lilikuwa Constantine John Philip Ionides, lakini wenyeji walimwita Bwana Nyoka. Soma kwanza habari za maisha yake. Baadaye utajifunza jinsi ya kugeuza sanduku la kufugia nyoka liwe tangi la samaki, kazi ambayo si rahisi kama inavyoonekana.

Ionides alizaliwa Uingereza mwaka 1901, katika ukoo wenye asili ya Ugiriki. Alikuwa askari, na kwa kazi hiyo alifika Tanganyika katika miaka ya 1920. Usidhani kuwa tangu mwanzo alikuwa mlinzi wa wanyama. Kabla ya kuajiriwa aliwinda tembo kwa magendo ili auze pembe zao. Mwaka 1933 aliingia katika idara ya wanyamapori, akafanya kazi Liwale kwa miaka mingi. Yeye ni miongoni mwa watu waliolipanua sana Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa sehemu za Liwale, ikitoa sababu ya ugonjwa wa malale. Wengi wao waliyaacha mashamba na makaburi ya wazee wao bila kupenda, na habari hiyo nayo ni sehemu ya historia ya pori lile.

Akiwa Liwale Ionides alianza kukusanya nyoka. Alipostaafu katika miaka ya 1950, nyoka ndio wakawa kazi yake yote. Kwa nini alikwenda Newala? Kwa sababu aina mbili za nyoka alizozitaka zilipatikana huko kwa wingi. Aina ya kwanza ni nyoka mwembamba wa kijani aishiye mitini, mwenye sumu kali. Akitulia katika mkorosho au mwembe, jicho lako laweza kumpita mara kumi ukidhani ni tawi. Aina ya pili ni nyoka mnene wa jamii ya moma, mwenye mabaka yanayofanana na majani makavu. Meno yake ya sumu huweza kufikia urefu wa sentimita 5, na hakuna nyoka mwingine duniani mwenye meno marefu kama hayo.

Fikiri sasa juu ya mkulima anayeokota korosho chini ya mti wenye nyoka wa namna hiyo. Siku zile, mkulima alipomwona nyoka, aliweza kupeleka habari kwa Bwana Nyoka na kupata zawadi ya fedha. Ionides alifika na mti mrefu wenye koleo kwenye ncha, akambana nyoka, akamshusha polepole na kumtia katika mfuko. Hakuwa na haraka, na pengine hiyo ndiyo sababu aliishi muda mrefu. Hata hivyo aliumwa mara nyingi, na sumu iliviharibu baadhi ya vidole vyake. Wewe usijaribu hata kidogo kumkamata nyoka. Ukimwona, rudi nyuma na kumwita mtu mzima.

Nyoka aliowakamata walipelekwa katika bustani za wanyama na katika maabara za nchi za nje. Kazi ya maabara ilikuwa muhimu zaidi. Dawa ya kumponya mtu aliyeumwa na nyoka hutengenezwa kwa sumu yenyewe. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo kwa muda mrefu, mpaka damu yake itengeneze vitu vinavyoizuia sumu hiyo. Kisha damu kiasi hutolewa, ikasafishwa, na dawa ikapatikana. Bila nyoka hai hakuna sumu, na bila sumu hakuna dawa. Kwa hiyo ilimpasa Ionides kuhakikisha kuwa nyoka wake hawafi masandukuni.

Je, sanduku la nyoka huwa la namna gani? Nyoka huvuta hewa kwa mapafu, kama wewe. Basi sanduku lake lazima liwe na matundu au wavu wa kupitishia hewa. Wavu usiwe na ncha kali, maana nyoka husukuma pua yake hapo usiku kucha. Ndani pawe pakavu, na pawepo bakuli dogo la maji ya kunywa. Kwa kuwa nyoka hawezi kujipasha joto mwenyewe kwa chakula alacho, huhitaji mahali penye joto. Kifuniko lazima kifungwe imara, na sababu yake unaijua.

Katika miaka yake ya mwisho Ionides alipata ugonjwa wa mishipa ya damu miguuni, akawa anatembea kwa shida. Alifariki mwaka 1968, akazikwa katika pori la Selous. Mnyama mmoja wa jamii ya reptilia, asiye na miguu, aishiye udongoni kusini mwa Tanzania, alipewa mwaka 1950 jina la kisayansi lililotokana na jina la Ionides.

Sasa tuseme shule yenu imepewa sanduku la vioo lililokuwa la nyoka, nanyi mnataka kufuga perege wadogo. Je, mtatia maji tu? La. Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka majini kwa kutumia matamvua, yaani vile viungo vyekundu vilivyo chini ya kifuniko cha shavu lake. Matundu yaliyomsaidia nyoka yatavujisha maji, kwa hiyo matundu ya pembeni na mlango wa mbele lazima vizibwe kwa vioo na gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu. Gundi hiyo hunuka kama siki inapokauka. Msitie maji mpaka harufu iishe kabisa. Wavu wa juu waweza kubaki. Sanduku la mbao halifai, kwani litaoza.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo ni uzito. Pimeni sanduku. Likiwa na urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, litachukua lita 54, yaani madebe 3 ya lita 18. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nyoka hakuwa na uzito wa kilo 54! Maji husukuma kwa nguvu zaidi chini kuliko juu, na kioo chembamba huweza kupasuka. Mwambieni mwalimu akague kioo, kisha mlijaribu sanduku nje kwa siku nzima likiwa na maji nusu tu.

Mtu wa Newala anajua thamani ya madebe 3. Udongo wa uwanda wa Makonde huyapitisha maji upesi, na zamani akina mama waliteremka hadi mabondeni kuyateka na kupanda nayo kichwani. Msiyamwage maji ya jaribio, yamwagieni miche.

Osheni sanduku kwa maji ya moto bila sabuni, maana sabuni huwaua samaki. Kinyesi cha nyoka huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, basi naweni mikono vizuri baadaye. Tandikeni mchanga uliooshwa, pandeni majani ya majini, ambayo hutoa oksijeni kwenye mwanga. Kama maji ni ya bomba, yaacheni katika ndoo wazi kwa siku mbili ili dawa ya klorini itoke. Wekeni samaki wawili tu kwa kuanzia.

Kesho yake asubuhi kaeni karibu na tangi bila kuligonga. Hesabuni kifuniko cha shavu la samaki hufunguka mara ngapi kwa dakika moja. Hesabuni tena saa nane mchana, maji yakiwa yamepata joto, mkaandike hesabu zote mbili katika daftari.