Wilma Rudolph Hakukimbilia Nishani Tu

Wengi humkumbuka Wilma Rudolph wa Marekani kwa kasi ya miguu yake. Ni haki yake kukumbukwa hivyo. Lakini mwanamke huyo alifanya jambo zito zaidi ya kukimbia.

Alizaliwa tarehe 23 Juni 1940 katika jimbo la Tennessee, akiwa mtoto wa 20 kati ya 22 wa baba yake. Utotoni alipatwa na ugonjwa wa polio, na mguu wake wa kushoto ukadhoofu. Matibabu kwa watu weusi mjini kwao Clarksville yalikuwa haba. Basi mama yake, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, alimpeleka kila juma kwa basi hadi hospitali mjini Nashville, mwendo wa kilomita 80 hivi. Nyumbani jamaa zake walipeana zamu kuukanda mguu ule. Alipotimiza miaka 12 alikuwa amekwisha kuachana na chuma alichofungwa mguuni.

Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 16, alipata nishani ya shaba katika mbio za kupokezana vijiti kwenye Olimpiki ya Melbourne. Mwaka 1960 mjini Roma, akiwa mwanafunzi wa mwalimu Ed Temple wa Chuo Kikuu cha Tennessee State, alitwaa nishani tatu za dhahabu: mita 100, mita 200 na kupokezana vijiti. Hakuna mwanamke wa Marekani aliyepata kutwaa tatu za riadha katika Olimpiki moja kabla yake.

Hapo ndipo ulipomjia mtihani mkubwa. Clarksville ilitaka kumlaki shujaa wake, ilhali desturi ya mji ilikuwa weupe mbali na weusi mbali. Wilma alikataa katakata kupokewa kwa ubaguzi. Tarehe 4 Oktoba 1960 gwaride na karamu yake vikawa shughuli za kwanza katika historia ya mji huo kuwakutanisha watu wa rangi zote.

Hata hivyo, karamu ya siku moja haiondoi dhuluma ya miaka. Mwezi Mei 1963, punde baada ya kuzuru Afrika Magharibi, aliungana na wenzake kudai mkahawa mmoja wa Clarksville uwahudumie watu weusi. Haukupita muda mrefu meya akatangaza kuwa mikahawa na huduma za mji zitakuwa wazi kwa wote.

Mwaka huohuo alihitimu ualimu, akarejea kufundisha watoto na kuwa kocha wa mbio katika shule ya Burt, alikosoma mwenyewe. Mwaka 1981 aliunda taasisi ya kuwalea wanariadha vijana, na mwaka 1987 akaongoza riadha ya wanawake katika Chuo Kikuu cha DePauw. Saratani ilimwondoa duniani tarehe 12 Novemba 1994, akiwa na miaka 54.

Nishani, ndugu msomaji, ni mali ya aliyeshinda peke yake. Mlango ukishafunguliwa, hata asiyejua kukimbia hupita.