Kristian Birkeland, aliyefumbua siri ya mwangaza wa ncha za dunia

Kristian Birkeland alizaliwa mwaka 1867 mjini Christiania, unaoitwa leo Oslo, mji mkuu wa Norwe. Mwaka 1899 alipanda na kikundi chake mlima Haldde, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, kuchunguza mwangaza wa kijani na mwekundu unaoonekana angani usiku. Msaidizi wake mmoja alikufa huko, akifunikwa na maporomoko ya theluji.

Birkeland hakuacha. Katika maabara aliweka mpira wenye sumaku ndani ya sanduku lililotolewa hewa, akaurushia elektroni. Mwanga ukawaka kuzunguka ncha zake mbili. Alieleza kwamba chembe za umeme zinatoka kwenye jua, sumaku ya dunia inaziongoza hadi kwenye ncha, zinagonga hewa na hewa inatoa mwanga. Mikondo mikubwa ya umeme, alisema, inashuka kutoka anga za mbali.

Wataalamu wa Uingereza walimpinga. Alifariki Tokyo mwaka 1917, akiwa na miaka 49. Karibu nusu karne baadaye, satelaiti ziligundua mikondo hiyo. Leo inaitwa kwa jina lake.