Robert Wangila: Bingwa aliyetoka ulingoni kwa miguu yake

Mama, au wewe mlezi unayemlea kijana hapa Katubuka, huenda mwanao amejiunga na mazoezi ya ngumi. Ni mchezo unaomfundisha nidhamu na kumpa marafiki. Lakini jioni moja anaweza kurudi akisema kichwa kinamuuma. Kabla ya kumpa dawa na kumwambia akalale, soma maisha ya bondia huyu.

Robert Wangila alikuwa nani?

Robert Wangila Napunyi alizaliwa Kenya mwaka 1967. Alianza ngumi angali kijana, akapanda hadi timu ya taifa. Mwaka 1987 alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi. Mwaka uliofuata alikwenda Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini, na katika fainali ya uzito wa welter alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili. Akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki katika ngumi, na hadi leo hajapatikana wa pili.

Baada ya hapo aliingia ngumi za kulipwa, akapigana Marekani. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipanda ulingoni dhidi ya David Gonzalez. Alipigwa makonde mengi, na katika raundi ya tisa refa akasimamisha pambano. Wangila alilalamika kwamba bado angeweza kuendelea. Alikuwa amesimama, anazungumza, akatoka ulingoni kwa miguu yake.

Muda si mrefu, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, hali yake ilibadilika akapoteza fahamu. Madaktari walimfanyia upasuaji wa kichwa, lakini hawakuweza kumwokoa. Alifariki tarehe 24 Julai, akiwa na umri wa miaka 26.

Kwa nini mtu hutembea kisha akaanguka?

Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu gumu. Konde likitua kichwani, ubongo hutikisika. Mara nyingi matokeo yake ni mtikisiko wa ubongo: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukia mwanga au kusahau mambo. Wengi hupona wakipumzika.

Mara chache, mshipa mdogo wa damu hukatika ndani ya fuvu. Damu huvuja taratibu na kuubana ubongo. Katika muda huo mgonjwa anaweza kutembea, kula na hata kukuambia hajambo. Ndiyo maana neno lake peke yake halitoshi. Mwangalie wewe.

Je, kofia ya kinga inatosha?

Mwanao avae kofia ya mazoezi na kinga ya meno. Lakini kofia hupunguza zaidi michubuko na mipasuko ya ngozi. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Usiseme ni malaria tu

Kwetu Kigoma, kichwa kikiuma wengi huwaza malaria kwanza. Kupima ni vizuri. Lakini ukifika kituo cha afya, mweleze mhudumu tangu mwanzo kwamba kijana alipigwa kichwani, siku gani, na kama alizimia. Hata kipimo kikionyesha malaria, jeraha la kichwa linaweza kuwepo pia.

Mpeleke hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona:

- kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua
- anatapika tena na tena
- ana usingizi mzito, ni vigumu kumwamsha
- anachanganyikiwa, au maneno yanamkwama
- mkono au mguu wa upande mmoja umelegea
- mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jingine
- anapata degedege au anazimia
- damu au majimaji yanatoka puani au masikioni

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iko hapa mjini. Tafuta gari au bajaji. Usimpakie kwenye bodaboda, kwani anaweza kuzimia njiani.

Kama hana dalili hizo

Asirudi ulingoni siku hiyo, hata akisema amepata nafuu. Apumzike siku moja au mbili, na usiku wa kwanza asilale peke yake. Kwa maumivu, paracetamol inafaa kwa kipimo cha umri wake. Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofen bila ushauri wa mhudumu wa afya, kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu.

Arudi kwanza shuleni, kisha mazoezi mepesi kama kukimbia na kuruka kamba. Kupigana na mwenzake kuje mwisho kabisa, kichwa kikiwa kimeacha kuuma bila dawa na mhudumu wa afya amekubali. Vijana huchelewa kupona kuliko watu wazima. Wengi huhitaji wiki mbili hadi nne. Konde jingine kabla ubongo haujapona linaweza kuleta madhara makubwa zaidi.

Zungumza na kocha

Muulize vijana hupigana mara ngapi kwa wiki, kama wanaopangiwa kupigana wanalingana umri na uzito, na nani husimamisha mmoja akiyumba. Kocha mzuri hatachukia maswali hayo.

Mwambie mwanao pia kwamba kusema kichwa kinauma si woga. Wangila alikuwa bingwa wa Olimpiki, mwenye nguvu na ujasiri, na bado aliamini angeweza kuendelea.