Mwenda Jean Bosco na mwendo wa Masanga

Nyumbani Sange, mjomba wangu hupiga Masanga polepole. Huketi kibarazani jioni akisha kutoka shambani, na kuna mahali katika wimbo huo ambapo huchelewa kidogo, kama mtu aliyesahau sauti inayofuata, kisha akaikumbuka. Rafiki yangu wa Bukavu, mpiga gitaa wa kwaya, huupiga wimbo huohuo kwa kasi, kila pigo mahali pake. Wakati wa likizo niliwakutanisha. Walisalimiana vizuri, wakapigiana, na kabla ya chai kuisha kila mmoja alikuwa ameshaniita kando kunieleza kwamba mwenzake hajui Masanga. Kwa mjomba, kijana anakimbia. Kwa kijana, mzee hashiki wakati. Mimi niliyezoea kubishana kuhusu viambishi nilikosa la kuamua, nikaona afadhali nimtafute mwenye wimbo.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Bunkeya ilikuwa makao ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi katika karne ya 19 akajijengea ufalme wa Wayeke, hadi alipouawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Léopold. Mwenda ni jina la ukoo huo wa watawala. Mtu wa isimu hawezi kupita hapo bila kusimama: lugha ya Wayeke ilikuja kutoka mashariki ikakuta Kisanga na Kiluba, na Kiswahili kikaja kukomaa katika kambi za wachimba shaba. Kiswahili hicho ndicho Mwenda alichokiimba. Wako wanaokiita kibovu, tena wengine katika kitivo hiki; leo sina nafasi ya kuwajibu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake kurekodi muziki, alikutana naye Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mwenda alikuwa na miaka 22, mdogo kuliko mimi ninayeandika haya. Masanga ilirekodiwa, pamoja na Bombalaka na nyingine, zikatoka kwenye sahani za kampuni ya Gallo ya Johannesburg na kusambaa nchi nyingi. Alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na shahada, lakini anayemsikia kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Masikioni mwake mlikuwa na muziki wa vijiji vya Katanga, sahani za Trio Matamoros wa Kuba, na nyimbo za filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani.

Sahani zenyewe zina sehemu katika ugomvi wa nyumbani kwetu. Upande mmoja wa sahani ya siku zile ulibeba muziki wa dakika tatu hivi, na gramafoni nyingi zilikuwa za kuzungushwa kwa mkono. Springi ikianza kulegea, sahani huzunguka polepole, wimbo unashuka sauti na kupungua kasi mpaka mtu ainuke kukaza tena. Mjomba alijifunza Masanga kwa baba yake, na baba yake aliijua kutoka kwenye gramafoni ya namna hiyo. Siwezi kuapa kwamba springi ndiyo iliyompa mjomba mwendo wake, ila tangu nilifikirie jambo hilo nimeacha kusema kwamba mzee anachelewa kwa sababu ya uzee.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni. Wapiga gitaa wa Kenya walimsikiliza kwa makini, kisha wakafanya yao. Huko magharibi ya Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliupa upigaji wa vidole mwendo mwingine kabisa, na watu wa huko waliupenda ulivyo, bila kuuliza kama Katanga wanapiga hivyo.

Ubishi wa kitaalamu ulianza pale watu walipotaka kumwandika. David Rycroft alichapisha makala mbili katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, akiweka upigaji wa Mwenda kwenye noti za Kizungu. Kazi hiyo naiheshimu, maana najua adha ya kuandika kitu ambacho mwenyewe hakukiandika. Noti za Kizungu humlazimisha mwandishi aamue tangu mstari wa kwanza: tunahesabu mbili au tatu? Nimesikiliza Masanga ya 1952 kwenye simu mara nyingi kuliko nilivyosoma sarufi mwaka huu. Nikigonga mguu kwa mbili, gitaa linanikubalia. Nikigonga kwa tatu, linanikubalia pia.

Hapo ndipo nilipoelewa kuchelewa kwa mjomba. Sauti ile anayoivuta haijachelewa. Iko mahali pake kwa anayehesabu tatu. Rafiki yangu anahesabu mbili, kwa hiyo anaisikia imekuja nyuma ya wakati, na anapoipiga yeye huisogeza mbele ikae sawa na nyenzake. Anadhani anasafisha wimbo.

Kisa kama hiki kiliwahi kumpata mtu mkubwa wa piano. Frédéric Chopin, Mpolandi aliyezaliwa 1810 na kufariki Paris mwaka 1849, alitunga mazurka nyingi, ngoma ya kwao inayohesabiwa tatu. Rafiki yake Charles Hallé, naye mpiga piano, alimwambia kwamba anapozipiga zinasikika kama nne. Chopin alikataa katakata, mpaka Hallé alipohesabu kwa sauti huku mwenyewe akipiga, ndipo akacheka. Meyerbeer, mtunzi wa opera, alisikia mbili, na safari hiyo Chopin hakucheka hata kidogo. Lakini wanafunzi wake wamesimulia kwamba metronomu haikuondoka juu ya piano yake, na kwamba mkono wa kushoto aliutaka ushike wakati huku wa kulia ukiwa huru. Wanamuziki huuita uhuru huo rubato, neno la Kiitaliano lenye maana ya kilichoibwa. Jina hilo silipendi. Wa kwao hawakuona wizi wowote. Aliyeona pengo ni yule aliyekuja na hesabu yake.

Kuhusu kasi yenyewe sina hoja ya namna hiyo. Anayetaka kuikimbiza Masanga na aikimbize, mradi ile tatu isife.

Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, Jean Bosco ilibidi iondoke, akabaki Mwenda wa Bayeke. Hakuishi kwa gitaa peke yake: alifanya kazi benki na katika kampuni ya madini, akasimamia bendi Lubumbashi wakati magitaa ya umeme yalikuwa yameshafunika yale ya mbao. John Low, Mwingereza, alifika huko mwaka 1979 kuutafuta upigaji wa zamani. Mwaka 1988 Mwenda alirekodi tena, safari hii katika studio ya Cape Town. Alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Sasa naandika maneno ya wimbo wenyewe kwa ajili ya kazi ya darasa, na nimekwama kwenye mstari mmoja. Katika Kifuliiru urefu wa irabu hubadili maana, nasi huandika herufi mbili, kama ilivyo katika jina la lugha yenyewe. Tahajia ya Kiswahili hainipi nafasi ya kuonyesha irabu ambayo mwimbaji ameivuta hadi kwenye tatu. Daftarini mstari huo nimeuandika mara tatu: kwa mjomba, kwa rafiki yangu, na kwa sahani ya 1952. Mwalimu amesema nichague mmoja. Nimemwomba wiki moja zaidi.