Muindi Mbingu na Baraza Lililokosa Sauti

Kila uchaguzi unapokaribia, miti na kuta za Kitui na Makueni hujaa picha za watu wanaotaka kuziwakilisha wadi. Kitui ina wadi 40, Makueni ina 30, na tangu mwaka 2013, mabunge ya kaunti yalipochukua mahali pa mabaraza ya madiwani, viti hivyo vimegombewa kwa jasho na kwa gharama kubwa. Hilo si baya. La kusikitisha ni kwamba vijana wengi wanaopanga foleni kituoni hawajui kuwa babu zao nao walikuwa na baraza lao, lenye wajumbe na vikao, na kwamba jambo la kufa na kupona lilipowafika, baraza hilo halikuwafaa kitu. Kwa sababu hiyo, ningependa leo kuyasimulia maisha ya Samuel Muindi Mbingu.

Kwao kulikuwa Ngelani, katika vilima vya Machakos. Msomaji wa Wote au Mbooni asidhani kwamba habari hii ni ya jirani, kwani Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992. Lililoamuliwa Machakos liliamuliwa kwa niaba ya Makueni pia. Kitui ilikuwa na mkuu wake wa wilaya na baraza lake, lakini sheria ilikuwa ni ile ile moja.

Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1924, na mwaka uliofuata Mabaraza ya Wenyeji yakaanza kukutana. Mwalimu anayeifundisha historia hii asiyakejeli kupita kiasi. Yalitoza ushuru wao wenyewe, na kwa fedha hizo yakajenga shule, zahanati na barabara ambazo serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuzijenga. Kasoro yake ilikuwa mbele ya meza, kwenye kiti cha mwenyekiti, kwani aliyekikalia alikuwa Bwana DC mwenyewe. Baadhi ya wajumbe aliwateua yeye. Wengine walipendekezwa na watu, naye akawa na uwezo wa kuwakataa. Machifu waliokuwamo walikula mshahara wa serikali. Huko Uingereza kwenyewe, miji kama Leeds na Liverpool ilikuwa imekwisha kuchagua madiwani kwa kura za walipa kodi tangu sheria ya mwaka 1835, na diwani aliyewachosha watu aliondolewa kwa kura zile zile. Maafisa waliokulia katika nchi hiyo walifika Ukambani, wakatoza kodi, kisha wakakalia kiti cha mbele bila ya kuona haya.

Sasa tuje kwenye ng'ombe. Wazungu walikuwa wamepewa mashamba katika vilima vya Mua, mkabala na Ngelani, na malisho ya Yatta hayakuwa tena ya mtu kuingia apendavyo. Watu waliongezeka, mifugo ikaongezeka, ardhi ikabaki finyu. Mvua ziliponyesha zilichimba makorongo. Tusidanganyane: mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na mtaalamu wa serikali Colin Maher aliueleza kwa kirefu mwaka 1937. Lakini mtu aliyebanwa ukutani huwezi kumlaumu kwa kujikunja. Serikali haikutaka kuzungumzia ukuta. Ilizungumzia ng'ombe tu, ikasema ni wengi mno, wapunguzwe. Wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa ikiweka kiwanda cha nyama huko Athi River, na kiwanda kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Mkulima wa Ngelani hakuhitaji shahada ya chuo kikuu kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Mwaka 1938 mifugo ilianza kuchukuliwa kwa nguvu. Huko Ngelani walikamatwa ng'ombe wapatao 2,500, wakapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Ng'ombe kwa Mkamba alikuwa mahari ya mwana, maziwa ya mtoto, na akiba ya mwaka wa ukame. Kumwondoa zizini ni kuibomoa nyumba pasipo kugusa paa.

Hapo ndipo Muindi alipojitokeza, pamoja na wenzake kama Elijah Kavulu na Isaac Mwalonzi, wakaunda chama kilichojulikana kama Ukamba Members Association. Nguvu yake haikutoka katika kiti cha baraza. Ilitoka kwa watu waliokula kiapo kwamba hawatauza. Na baraza je? Lilikuwepo. Watu waliliruka tu, kama mtu arukavyo mfereji mkavu, wakapeleka malalamiko yao moja kwa moja kwa wakubwa wa Nairobi na London. Sijui hukumu kali zaidi kuliko hiyo inayoweza kupitishwa juu ya wajumbe.

Tarehe 28 Julai 1938 maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, walianza safari ya kwenda Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 60. Walimtaka Gavana, Robert Brooke-Popham. Gavana hakuwapokea, nao hawakurudi. Walikaa mjini majuma kadhaa wakila walichobeba na walichoongezewa na wahisani. Isher Dass, mjumbe wa Wahindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwatetea, na Jomo Kenyatta, aliyekuwa Uingereza, akalipeleka suala hilo kwa wasomaji wa magazeti ya huko. Serikali ilikuwa na hofu nyingine isiyoitangaza: Wakamba walikuwa wengi sana katika jeshi na polisi, na askari ambaye ng'ombe wa babake wamenyang'anywa ni askari wa kutiliwa shaka.

Mwezi Agosti Gavana alikwenda Machakos kuhutubia mkutano wa hadhara. Hakulegea siku hiyo. Muda si muda Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Kabla ya mwaka kwisha, uuzaji wa lazima ulisitishwa. Ng'ombe walishinda, mchungaji akafungwa. Mwaka 1940 chama chao kilipigwa marufuku, pamoja na kile cha Wakikuyu na kile cha Wataita.

Serikali ilijifunza kitu, ingawa kwa njia yake. Badala ya kupunguza ng'ombe kwa bunduki, ilitafuta mahali pa kuwahamishia watu, na macho yakaangukia Makueni, nchi ya vichaka na mbung'o. Kati ya mwaka 1944 na 1946 mwindaji J. A. Hunter aliua huko vifaru wapatao elfu moja ili kuitayarisha ardhi. Waliohamia waliwekewa masharti ya idadi ya mifugo. Wengi waliutilia shaka mradi huo mwanzoni, na aliyeikumbuka Ngelani hakuweza kuwalaumu.

Leo Nairobi ina barabara ya Muindi Mbingu, nayo inapita mbele ya soko kuu la jiji, lenye mabucha mashuhuri. Sina hakika kama aliyeipa barabara jina hilo aliwaza juu ya mzaha huo.

Muindi alifariki mwaka 1953, Kenya ikiwa katika Hali ya Hatari. Mabaraza ya Wenyeji yalikuwa yamebadilishwa jina mwaka 1950, lakini DC angali kitini. Mwezi Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwapeleka wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, na Ukambani ukamchagua James Muimi. Hata siku hiyo si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Mwenye elimu na mali aliweza kuwa na kura mbili au tatu. Mama aliyetembea kutoka Ngelani hadi Nairobi na mtoto mgongoni, kama hakuwa na cheti wala mali, hakuwa na hata moja.