Lettow-Vorbeck: Jenerali aliyebebwa na mabega ya Waafrika

WAVUVI wa kisiwa cha Remba huvua katika maji ambayo mwaka 1914 yaligeuka kuwa uwanja wa vita. Kusini yao ulipita mpaka wa makoloni mawili, la Uingereza na la Ujerumani.

Aliyeongoza majeshi ya upande wa kusini alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, aliyezaliwa Machi 20, 1870, huko Saarlouis, Ujerumani. Kabla ya kutua Dar es Salaam Januari 1914, alikuwa amepigana China na katika nchi ambayo leo ni Namibia, ambako Wajerumani waliwaangamiza Waherero.

Jeshi alilokabidhiwa, Schutztruppe, lilikuwa dogo: kombania 14, zenye Wajerumani wapatao 260 na askari weusi karibu 2,500. Kila kombania ilijitegemea, ikiwa na maofisa wachache wa Kizungu, bunduki za rasharasha na wapagazi wake yenyewe. Muundo huo ndio uliokuwa siri ya nguvu zake, kwani kombania iliweza kutembea, kupiga na kutoweka bila kungoja reli wala magari.

Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingie vitani. Lettow-Vorbeck alimpuuza, akikusudia kuwashughulisha Waingereza huku ili wasipeleke majeshi yao Ulaya.

Septemba 1914, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka na kuingia Kisii. Askari wa KAR walishushwa Kendu Bay kwa meli, na pande hizo mbili zikapigana Septemba 12 hadi Wajerumani wakarudi nyuma. Wenyeji waliopora mji ulioachwa wazi waliadhibiwa vikali na Waingereza, wakanyang'anywa mifugo yao.

Novemba mwaka huohuo, Lettow-Vorbeck akiwa na wapiganaji wapatao 1,000 aliwashinda Tanga wavamizi takriban 8,000 waliotoka India. Jina lake likavuma.

Hata hivyo, Mwanza ilitekwa Julai 1916 na reli ya kati ikapotea. Akavuka Ruvuma Novemba 1917, akazunguka Msumbiji, kisha akaingia Rhodesia Kaskazini. Alisalimisha silaha Abercorn Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa amebaki na Wajerumani 155 na askari zaidi ya 1,100.

Berlin ilimpokea kama shujaa asiyeshindwa. Mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la kuipindua serikali, akaachishwa jeshi, na baadaye akawa mbunge. Alifariki Hamburg Machi 9, 1964.

Lakini sifa hiyo ilikuwa na gharama, na walioilipa hawakuwa Wajerumani. Majeshi yake yalichukua chakula na watu vijijini, na njaa ikafuata nyuma yao. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa maradhi na utapiamlo. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Nyanza.

Ujerumani Magharibi iliamua mwaka 1964 kuwalipa askari wazee waliokuwa hai. Miaka ya karibuni, Hannover imeliondoa jina la jenerali huyo barabarani. Wapagazi nao wamebaki katika majina ya mitaa kama Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambayo wengi hupita humo bila kujua yalikotoka.