Habib Saleh na Wanamageuzi wa Majukwaani

Katika siasa za Afrika Mashariki hakuna cheo kilicho rahisi kujitwalia kama kile cha mwanamageuzi. Hakihitaji shahada wala kiapo. Mtu akipanda jukwaani, akawataja wanyonge mara tatu, akawalaani wenye nacho mara moja, basi keshakuwa mmoja wao. Mimi ni katika wale wanaoitwa wahafidhina, wala sioni haya kuitwa hivyo. Nimezoea kumpima mwenye kutaka kuigeuza dunia kwa kutazama kwanza aligeuza nini nyumbani kwake. Kwa kipimo hicho wengi huanguka. Ila yupo mmoja, mzee wa Lamu aliyefariki katikati ya miaka ya 1930, ambaye kila nimpimapo namwona amesimama; nami nadhani walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii wamesikia jina lake zaidi ya walivyosikia habari zake.

Mzee huyo ni Sayyid Saleh bin Alawy Jamalilail, maarufu kwa jina la Habib Saleh. Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Akaja Lamu angali kijana, mahali ambapo alikuwa na jamaa waliomtangulia, akasoma kwa wanavyuoni wa mji ule, kisha akakaa moja kwa moja. Hakuja akiwa mtu duni. Sharifu, katika pwani yetu, alikuwa mtu wa kubusiwa mkono na kupishwa mbele. Nasaba yake peke yake ilimtosha kuwa riziki. Kama angetaka kukaa kwa raha chini ya kivuli cha wakubwa wa mji, hapana ambaye angemlaumu.

Ili kuelewa alichokifanya hatuna budi kuukumbuka mji wenyewe. Lamu ya siku zile ilikuwa kama miji miwili ndani ya mmoja. Kaskazini palikuwa na Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe yenye kuta za zidaka na milango ya kuchonga, makao ya wangwana. Kusini palikuwa na Langoni, mtaa wa vibanda vya udongo na makuti, makao ya wageni waliotoka Ngazija, Washihiri wachuuzi, na watu wa kazi. Utajiri wa Mkomani haukutoka hewani. Ulitoka ng'ambo ya maji, katika mashamba ya bara pande za Hindi, Mkunumbi na Mpeketoni, yaliyolimwa na watumwa. Na elimu ya dini, ambayo kwa haki ni ya kila Mwislamu, ilikuwa imekaa mikononi mwa wangwana na masharifu kama mojawapo ya milki zao. Mtumwa alitakiwa ajue kusali na kufunga. Sarufi ya Kiarabu, fikihi na tafsiri ya Kurani havikuwa vitu vya kumshughulisha.

Habib Saleh akaenda kukaa Langoni. Akajenga kibanda miongoni mwa vibanda, akaanza kusomesha, na waliokuja kuketi mkekani pake walikuwa ndio hao hao: watumwa na watoto wa watumwa, Washihiri maskini, Wangazija wasio na jamaa wa kuwasemea. Tendo hili, tukilisoma leo katika kitabu cha historia, laonekana dogo. Katika mji ambamo kila mtu alijua akae wapi na asimame nani anapopita, lilikuwa zito. Wakubwa walinung'unika. Waliona kuwa sharifu anajishusha, na kwamba akishuka sharifu, heshima ya mji mzima yashuka pamoja naye. Yeye hakuwajibu kwa hotuba, aliendelea kusomesha. Alijulikana pia kwa kuwatibu wagonjwa, na mtu wa Langoni aliyeugua alikuwa na pa kwenda.

Hapa naomba niwaache kwa muda wanafunzi wa Langoni niwatazame wanamageuzi wengine wa wakati ule ule, wale wa London. Miaka hiyo utumwa wa Waafrika ulikuwa hoja kubwa huko Uingereza. Mikutano ilifanywa, michango ikachangwa, na mwaka 1890 mataifa makubwa yakatia saini mkataba wa Brussels wa kupambana na biashara ya watumwa. Bendera hiyo ya huruma ndiyo iliyotangulia mbele walipokuja kuitwaa pwani yetu: mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya yao, na mwaka 1895 Lamu na pwani yote ya Kenya ya leo ikafuata. Je, baada ya kuitwaa walifanya nini? Mwaka 1897 hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja na Pemba, lakini kwa namna ambayo mtumwa hakuwa huru mpaka aende mwenyewe kuomba uhuru wake mbele ya mahakama. Na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo. Pwani ya bara haikuguswa. Ilingoja miaka 10 zaidi, hadi 1907. Na fidia ilipolipwa, alilipwa bwana kwa kumpoteza mtumwa. Mtumwa, aliyepoteza umri wake, hakupewa kitu.

Hayakuishia hapo. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mwenye kudai shamba alete dai lake liandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali ya Kiingereza. Aliyetoka utumwani mwaka mmoja kabla angedai kwa hati gani? Hivyo watu walioachwa huru kwa kalamu moja waligeuzwa maskwota kwa kalamu ya pili. Kilio cha ardhi tunachokisikia pwani kila ifikapo uchaguzi kina mzizi mmoja uliofika hadi pale.

Sasa mlinganishe. Wale walikuwa na bunge, manowari na hazina. Huyu alikuwa na kibanda na mkeka. Lakini kabla sheria ya 1907 haijaandikwa, palikuwa na watumwa Lamu wanaosoma vitabu vile vile walivyosoma watoto wa mabwana zao, tena mbele ya mwalimu wa nasaba ya Mtume. Wanamageuzi wa London hawakupoteza hata kikombe kimoja cha chai kwa ajili ya huruma yao. Sukari waliendelea kuitia kama kawaida. Habib Saleh alilipa kutoka katika heshima yake, ambayo ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kile kibanda kikawa msikiti na chuo: Riyadha. Kiwanja kilitolewa wakfu na Sayyid Mansab bin Abdurahman, mwanachuoni na mshairi mashuhuri wa Lamu, jambo linaloonyesha kuwa si kila mkubwa alimpa kisogo. Jina lenyewe lilifuata msikiti wa Riyadh ulioko Seiyun, Hadhramaut, kwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vijana hudhani kuwa mtu wa mageuzi lazima awe amekata kamba. Habib Saleh hakukata. Alifunga kamba yake kwa mashekhe wa Hadhramaut, akafundisha vitabu vya kale, akasimama juu ya madhehebu ya Shafii kama wazee wake. Upya wake wote ulikuwa katika kuuliza nani aruhusiwe kuingia.

Naam, na upya mwingine ulikuwa katika Maulidi. Lamu ilizoea kusoma Barzanji, kwa utulivu. Yeye akaleta Maulidi ya al-Habshi, yasomwayo kwa kaswida na matari, na watu wa Langoni waliozoea ngoma zao wakajikuta nyumbani ndani ya msikiti. Waliochukizwa walichukizwa sana. Leo Maulidi ya Lamu huwaleta watu kutoka kila upande wa pwani na visiwa vyake, na wale ambao babu zao waliyapinga matari ndio wanaoyapiga kwa ufundi zaidi.

Wanasiasa nao huja, hasa mwaka wa uchaguzi ukikaribia. Hushuka uwanja wa ndege wa Manda, huvushwa kwa mashua, huvaa kofia za kutarizi ambazo bei yake bado imebandikwa, na huzungumza juu ya wanyonge. Sina ugomvi na kofia. Ugomvi wangu ni na kumbukumbu. Bunge la Kenya lililoingia baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, likiwa limejaa watu waliotumia miaka ya 1990 kudai mageuzi, wengine kwa ujasiri wa kweli, lilikuwa miongoni mwa mambo yake ya mwanzo, mwaka 2003, kujiongezea malipo na kujitengea fedha za kununulia magari. Tanzania nako, masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967, yaliyomkataza kiongozi kumiliki hisa na nyumba za kupangisha, yalilegezwa mjini Zanzibar mwaka 1991. Na waliolegeza ni wale wale walioimba ujamaa kwa zaidi ya miaka 20. Labda masharti yale yalikuwa magumu mno. Lakini mbona ugumu wake haukuonekana wakati wa kuwafungia wengine?

Mwalimu msomaji wangu anajua mfano ulio karibu naye zaidi. Anamjua mheshimiwa anayehutubia siku ya wazazi juu ya utukufu wa shule ya umma, ilhali hajawahi kumwandikisha hata mwanawe mmoja katika shule hiyo. Riyadha, waliokuja kukalia nafasi ya mwalimu baada ya Habib Saleh walikuwa wanawe na wajukuu wake, waliolelewa pale pale.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa kwamba waliompinga Habib Saleh walikuwa wahafidhina, watu wa namna yangu. Ni kweli, na sitaki kuifunika kweli hiyo. Wangwana wa Mkomani waliita mila kile kilichokuwa faida ya mashamba yao, na mila halisi, yaani vitabu vyenyewe walivyovirithi, ilikuwa upande wa kibanda cha Langoni. Mhafidhina asiyejua kutofautisha urithi na mapato anastahili kushindwa, na wao walishindwa.

Nitaambiwa pia kwamba Habib Saleh hakuondoa daraja za watu: sharifu alibaki sharifu, na wanafunzi wake waliendelea kumbusu mkono hadi alipofariki, wakambusu na mwanawe. Hili nalo ni kweli, na wako wasomi walioliandika kwa kirefu. Jibu langu ni kuwa hakupata kudai kwamba ameziondoa. Hakuwaahidi watu wa Langoni usawa wa kila kitu kisha akawapa nusu. Aliwaahidi elimu, akawapa elimu, na waliosomea mikononi mwake na mikononi mwa wanawe walitawanyika pwani nzima wakafungua vyuo vyao.

Hati za mkono za maktaba ya Riyadha zimekwisha kupigwa picha na kuhifadhiwa kwa kompyuta, ili zisiliwe na mchwa na unyevu wa bahari. Kwa hiyo mwanafunzi atakaye kujua kilichosomwa Langoni miaka ile anaweza kuvitazama vitabu vyenyewe: fikihi, sarufi, sifa za Mtume.